Sahani ya katikati: kula kidogo kidogo na wenzako katika baa pana ya Kigoma

Kwa miaka kadhaa sasa mimi na wenzangu wanne tumekuwa tukikutana Ijumaa jioni katika baa moja pana ya Kigoma mjini, yenye ua wa mchanga, miembe miwili mikubwa, na meza zilizoachana kiasi kwamba walio meza ya pili hawalazimiki kusikia mnayozungumza. Zamani kila mmoja wetu aliagiza sahani yake, huyu ugali kwa mgebuka, samaki wa ziwa letu, yule ndizi na nyama ya kuchoma, na kila mtu alijua alichokula na anachodaiwa. Siku hizi tunaagiza vya katikati: dagaa wabichi waliokaangwa wakakauka, mishkaki, firigisi, ndizi za kuchoma, kachumbari yenye pilipili, na vyote huwekwa mezani kila mmoja akanyoosha mkono wake. Ni jambo dogo kulitazama, lakini mwenzetu mmoja, mwalimu ambaye hanywi pombe, aliacha kuja kwa miezi mitatu kwa sababu ya utaratibu huo. Tangu alipotueleza kilichomkera nimekuwa nikijiuliza kama utaratibu huu unatufaa kweli, na maoni yangu, baada ya kuupima kwa pande zote, ni kwamba unatufaa kuliko ule wa zamani, isipokuwa unakuja na kasoro moja nzito ambayo tusipoirekebisha sisi wenyewe hakuna atakayeturekebishia.

Ulaji wa namna hii una jina lake huko Hispania, nalo ni tapas. Neno hilo linahusishwa na kitenzi cha Kihispania chenye maana ya kufunika, na simulizi inayopendwa zaidi ni kwamba kipande cha mkate au cha nyama kiliwekwa juu ya glasi ya mvinyo ili inzi wasiingie, ingawa hiyo ni simulizi tu. Desturi yenyewe ndiyo inayofundisha. Katika mji wa Granada, ukiagiza kinywaji, kisahani cha chakula huja nacho bila malipo ya ziada. Kaskazini, San Sebastián, vipande vya mkate vilivyopambwa na kuchomekwa kijiti hupangwa juu ya kaunta, mteja hujichukulia mwenyewe, na kwa desturi ya zamani vijiti vilivyobaki ndivyo vilivyohesabiwa wakati wa kulipa. Wengi hula wakiwa wamesimama, kimoja au viwili, kisha huhamia baa nyingine, na chakula chenyewe cha usiku huliwa baadaye, saa tatu au saa nne.

Nayataja hayo kwa sababu mara nyingi kitu husafiri na kuacha nyuma kile kilichokifanya kifanye kazi. Kule visahani ni vidogo kwa kuwa mtu hakai, na baa nyingi ni finyu, zimejaa watu. Kwetu mtu huvuta kiti saa kumi na mbili jioni na kuinuka saa nne usiku akiwa bado kwenye kiti kile kile. Visahani vinavyopaswa kuwa vichache vinakuwa sita, saba, vinane, na kile kilichokuwa kionjo kabla ya chakula kinageuka kuwa ndicho chakula.

Hata hivyo faida zake sizipuuzi, na ya kwanza inahusu mwili. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi, na ini la mtu mzima huondoa kiasi cha gramu 8 hadi 10 hivi kwa saa, kwa hiyo chupa moja huhitaji saa mbili au zaidi kumalizika mwilini. Sehemu kubwa ya pombe hufyonzwa katika utumbo mwembamba, na chakula kikiwapo tumboni huchelewesha kufika kwake huko. Chakula hakiifuti pombe, na anayedhani kwamba mishkaki mitano inamruhusu kuongeza chupa mbili anajidanganya. Ila mtu anayekula polepole tangu mwanzo hadi mwisho hunywa polepole pia, kwa sababu mkono ulioshika mshikaki haujashika chupa. Katika utaratibu wetu wa zamani tulikunywa kwanza, saa nzima au zaidi, tukisubiri jiko, na ugali ulipofika baadhi yetu walikuwa hawautaki tena.

Faida ya pili ni ya wale wasiokunywa, nao katika mji huu si wachache, maana Kigoma na Ujiji ni mji mmoja wenye Waislamu wengi, na wapo Wakristo wengi pia ambao pombe hawaigusi. Asiyekunywa akikaa na wanaokunywa huwa na soda yake moja ambayo huisha mapema, kisha hubaki akizungusha chupa tupu mezani. Sahani ya katikati humpa nafasi iliyo sawa na ya wengine: anamega ndizi, anaomba chumvi, anasogeza kachumbari kwa jirani yake, naye ni wa meza ile kama mwingine yeyote. Mwalimu wetu mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kupendekeza tuagize hivyo.

Na ipo faida ya ladha, ambayo kwa mkazi wa Kigoma ina uzito wake. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na wakati wa giza la mwezi ndipo mavuno huwa mazuri. Mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu yake na wavuvi wengi hupumzika. Dagaa aliyeshushwa katika mwalo wa Kibirizi alfajiri na kukaangwa jioni hiyo hiyo hahitaji kitu zaidi ya chumvi na ndimu. Huliwa mzima, na kichwa chake, na akivunjika kinywani hutoa sauti kama ya jani kavu. Ukimweka juu ya ugali anageuka kitoweo, jambo ambalo ni jema, ila ukimweka peke yake katika kisahani unamwonja mwenyewe. Hali kadhalika vipande vya mgebuka vilivyobanikwa, au samaki aitwaye kuhe pale anapopatikana. Baa ya Kigoma inayojaza meza chipsi na soseji huku ziwa likiwa umbali wa kutupa jiwe inatupunja, nami nalisema hili kwa uchungu. Ni kweli samaki hawapatikani wakati wote. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hili ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Jiko linalojua kazi yake hubadilika na majira, na visahani vidogo ndivyo vinavyoruhusu mabadiliko hayo kwa urahisi kuliko orodha ya vyakula iliyobandikwa ukutani mwaka mzima.

Upande wa pili una hoja ambazo siwezi kuzipita.

Wapo wanaosema kwamba kula sahani moja ni jadi yetu na hivyo hakuna jipya la kujadili. Nakubaliana nao nusu. Nyumbani sinia moja lina adabu yake: mikono hunawishwa kwanza, mkubwa huanza, kila mtu humega upande wake, na mama huangalia kwa jicho moja kwamba mtoto mdogo amepata. Kwenye meza ya baa adabu hiyo haipo na hakuna aliyewekwa kuisimamia. Anayesimulia kisa kirefu humaliza kisa akakuta mishkaki imekwisha, na mwenye haya hula kidogo akaondoka na njaa aliyokuja nayo. Nimemwona mtu mzima, mwenye heshima zake, akirudisha mkono nyuma kwa sababu kipande kilichobaki kilikuwa cha mwisho. Baadaye akapitia kwa muuza mihogo akiwa njiani kurudi nyumbani.

Hoja ya nyumbani ni nzito zaidi. Mhispania hula kisahani kisha huenda kula na watu wake, lakini sisi tukishakula visahani vinane hatuli tena, na chakula kilichofunikwa kwa kawa nyumbani hulala. Kinamama wawili wa mtaani kwetu waliniambia waziwazi kwamba mume anayekunywa akarudi kula nyumbani wanaweza kumvumilia, lakini anayekula nyama nje huku watoto wakila maharage anawavunjia heshima. Sina jibu la kuwaridhisha, zaidi ya kusema kwamba upana wa baa hizi ungeweza kuwa sehemu ya jibu. Ua mpana, wenye meza za pembeni mbali na spika, unamwezesha mtu kuja na mkewe na hata watoto mchana wa Jumapili, wale dagaa, wanywe soda, waondoke mapema, jambo ambalo katika vibaa vya chumba kimoja haliwezekani. Lakini upana huo huo una gharama. Jiko liko mwisho wa ua, mhudumu mmoja anazungukia meza kumi na tano, na dagaa waliotoka kwenye mafuta wakiwa wakavu hufika wamelegea kwa sababu walisubiri kaunta wakati dada wa watu akipeleka bia kwingine. Visahani vidogo vinadai miguu mingi ya wahudumu, na mwenye baa ambaye hataki kuongeza wahudumu afadhali abaki na sahani kubwa.

Sasa nije kwenye bili, ambayo ndiyo iliyomtoa mwalimu mezani.

Katika baa zetu nyingi chupa tupu haziondolewi. Mhudumu huziacha mezani au huzipanga chini ya kiti, ili wakati wa kulipa hesabu isibishaniwe: chupa ndizo shahidi. Sahani hazina shahidi. Zikiisha huondolewa, meza hupanguswa, na baada ya saa tatu hakuna anayekumbuka kama firigisi ziliagizwa mara moja au mara mbili. Watu wa San Sebastián walikuwa na vijiti vyao. Sisi tumechukua ulaji na kuacha kijiti. Matokeo yake bili huja kwa jumla, karatasi moja yenye tarakimu moja chini, na mtu mmoja mkarimu husema, basi tugawane sawa.

Tuchukue mfano. Watu watano wameagiza sahani sita za shilingi 8,000, jumla 48,000. Watatu wamekunywa bia nne nne za shilingi 2,500, jumla 30,000, na wawili wamekunywa soda mbili mbili za shilingi 1,000, jumla 4,000. Bili yote ni shilingi 82,000, na wakigawana sawa kila mmoja hutoa 16,400. Lakini chakula kikigawanywa kwa wote na kila mtu akalipa alichokunywa, mnywa soda angetoa 11,600 na mnywa bia 19,600. Kwa hiyo kila mnywa soda amewachangia wenzake shilingi 4,800 za bia ambayo hakuionja, na ikiwa ni kila Ijumaa, Ijumaa nne ni shilingi 19,200. Kwa mwalimu huyu fedha haikuwa kero kubwa zaidi. Imani yake inamkataza kununua pombe, naye alikuwa anainunua kila wiki kwa mkono wa watu wengine, bila sisi kuona, na alishindwa kusema kwa kuwa kulalamikia bili mbele ya marafiki ni aibu. Sahani ile ile iliyomleta karibu nasi ndiyo iliyomsukuma nje.

Wapinzani wa kutenganisha bili husema kwamba urafiki hauhesabiwi, na kwamba leo nikila zaidi, kesho utakula wewe. Hoja hiyo naiheshimu, kwa maana nimekulia katika nyumba ambayo mgeni hakuulizwa amekula kiasi gani. Lakini inasimama pale tu ambapo mizani hugeuka, leo huku, kesho kule. Asiyekunywa hatakunywa kesho wala kesho kutwa, na mizani yake imelala upande mmoja daima. Kwake usawa wa kugawana ni ushuru.

Tulichokubaliana ni chepesi. Mwanzoni tunamwomba dada anayetuhudumia afungue karatasi mbili, moja ya jiko na moja ya kaunta, na kila kisahani kikifika anaweka alama mbele yetu. Ya jiko tunagawana watano sawasawa, hata aliyekula kidogo, kwa sababu kupima vipande kungetufanya tuhesabiane matonge. Ya kaunta kila mtu na chupa zake. Anayetaka kutoa ofa anaitoa mapema na kwa jina, na anayepewa ana haki ya kusema yeye atapokea maji. Pia tunaagiza visahani viwili viwili, havizidi vinne kwa jioni, na kimoja lazima kiwe cha kitu cha kushibisha, ndizi au mihogo, ili asiwepo wa kupitia kwa muuza mihogo. Mhudumu mwanzoni aliona usumbufu. Wiki ya tatu alikuja mwenyewe na karatasi mbili, akauliza kama bia ni za baridi au za moto, kisha akamgeukia mwalimu, ambaye alikuwa amerudi, na kumwambia kwamba mwezi umezama, dagaa wa leo ni wengi, na jiko limeanza kuwakaanga sasa hivi.