Kifungu cha 202 hakidai bei moja kwa wote

Wanaopinga sheria zinazozuia kampuni za mawasiliano kubagua wateja huzieleza kana kwamba zinataka kila mtu alipe sawa na apate huduma ile ile. Ukiisoma sheria ya mawasiliano ya Marekani ya 1934, hukuti agizo kama hilo. Kifungu cha 202 kinakataza ubaguzi usio wa haki au usio na sababu ya maana, kwa huduma za aina moja. Anayenunua kwa wingi anaweza kupunguziwa, mradi kampuni ina sababu ya kueleza. Hata sheria ya 1860 ya kufikisha telegrafu Pasifiki iliagiza ujumbe utumwe bila upendeleo, kwa zamu ya kupokelewa, huku ikitamka wazi kwamba ule wa serikali utatangulia.

Shauri ninalolirudia kila mara ni la Madison River, kampuni ya simu ya North Carolina. Wateja wake wa intaneti walitaka kupiga simu kupitia Vonage, huduma inayopitisha sauti kwenye intaneti. Simu hazikupita, maana kampuni ilikuwa imeziba njia zinazotumiwa na simu hizo. Hebu tazama hali ilivyokuwa: mteja kalipia intaneti, kalipia na Vonage, lakini mwenye waya, ambaye naye anauza simu, ndiye anayeamua kama atasikika. Machi 2005 tume ya mawasiliano, FCC, ilimaliza shauri kwa makubaliano. Kampuni ikalipa dola 15,000 na kuacha kuziba.

Dola 15,000 kwa kampuni ya simu ni fedha ndogo mno. Zilitosha kwa sababu tume ilikuwa na sheria mkononi. Agosti mwaka huo huo tume yenyewe ikaihamishia intaneti ya laini za simu kwenye kundi la “huduma ya habari”, ambalo kifungu cha 202 hakiligusi, na kinga ile ikaishia hapo. Comcast, kampuni ya intaneti, ilipoamriwa na tume mwaka 2008 iache kuvuruga BitTorrent, mfumo wa watu kutumiana mafaili, ilikata rufaa na mwaka 2010 ikashinda: mahakama ilisema tume haikuwa na mamlaka.

Upande wa pili una hoja. Kutandaza nyaya ni gharama kubwa, na mwekezaji huogopa kwamba leo anaulizwa sababu, kesho atapangiwa bei. Wanasema pia ushindani utamwadhibu anayebagua, na penye kampuni nne hilo nalikubali. Penye waya mmoja mteja ahamie wapi?

Intaneti ilirudishwa chini ya sheria ya 1934 mwaka 2015, ikaondolewa 2017, ikarudishwa 2024, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo. Ujumbe mfupi nao uliwekwa kwenye “huduma ya habari” mwaka 2018. Kwa hiyo Mmarekani akipiga simu ya kawaida, kifungu cha 202 kinamlinda. Akikata na kuandika maneno yale yale kwa ujumbe, kwa mtu yule yule, hakimlindi.