Pesa za Kushikilia Nyumba

Hakuna linalonikera katika ununuzi wa nyumba hapa Nairobi kama dalali anayedai "pesa za kushikilia" kabla hujapewa hata nambari ya ploti ili wakili wako akapekue rejista ya ardhi. Ukisitasita, unaambiwa kuna mnunuzi mwingine aliye njiani na pesa taslimu. Mnunuzi huyo, ajabu, yuko njiani kila wiki na hafiki.

Juzi, huko Donholm, nilionyeshwa hatimiliki kwenye simu, ukurasa wa kwanza pekee. Nilipoomba kuona sehemu ya vikwazo, ambamo rehani ya benki na mazuio huandikwa, simu ikaishiwa na chaji papo hapo.

Sheria ya Mikataba inataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbele ya shahidi, la sivyo huwezi kuyapeleka mahakamani; na kama nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahitaji idhini ya mume na mke. Dalali huyu alikuwa na risiti tu, isiyotaja muuzaji wala ploti. Kuhusu mke wa mwenye nyumba, alinijibu kwamba "mama hana shida", kana kwamba msajili wa ardhi angeipokea kauli hiyo badala ya sahihi yake. Ushuru wa stempu wa asilimia 4, ambao ni mzigo wa mnunuzi, hakuutaja kabisa.