Karatasi imebadilika rangi, damu iko palepale

Juzi usiku shangazi kanipigia, baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mwanangu, kama hii dayati ya alkalini inaua kansa, mimi haya madawa nameza ya nini?" Leo siku ya tatu sijapoa. Simkasirikii yeye, nawakasirikia waliomtumia zile video zinazodai ukila mboga na matunda kwa wingi mwili unakuwa wa alkalini, yaani kinyume cha asidi, na kansa inakufa.

Kilichomshawishi ni karatasi ya kupimia mkojo. Kala mboga na matunda wiki nzima, kachovya, rangi imegeuka, basi anaamini asidi imemtoka mwilini. Jamani, mkojo ndiko figo zinakomwaga kilichozidi! Damu yenyewe inakaa kati ya pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imeongezeka) 7.35 na 7.45, ule nyama ule limao, asidi ikitaka kupanda mapafu yanaitoa kwa njia ya kaboni dayoksaidi na figo zinamalizia, kwa hiyo ile rangi inakuambia figo zinafanya kazi yake, damu haijaguswa. Na damu ikitoka kweli kwenye hiyo mipaka, huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, sio wa kubadilishiwa mlo. Na yale maji ya alkalini wanayoyasifia, yakishuka tu yanakutana na asidi ya tumbo, alkalini yake inaishia hapo.

Watakutajia Otto Warburg, mwanasayansi wa Kijerumani, na Nobel yake ya 1931, eti kansa inaletwa na asidi. Sawa, alionyesha seli za kansa zinachoma sukari kwa wingi na kutoa asidi ya laktiki, yaani uvimbe ndio unaotengeneza asidi pale ulipo, na kula spinachi hakuifikii hiyo asidi. Mwaka 2016 jarida la BMJ Open lilitoa uchambuzi wa tafiti kuhusu asidi ya chakula, maji ya alkalini na kansa: utafiti uliokidhi vigezo ulikuwa mmoja tu, wa kansa ya kibofu, na uhusiano haukuonekana.

Nakubali, mboga, matunda na kunde vinamfaa karibu kila mtu, na kuna wagonjwa wa figo ambao daktari huwapunguzia asidi kwa mlo huohuo au kwa bikaboneti, ile iliyomo kwenye soda ya kuokea. Ila hapo wanapimwa damu, maana figo zikichoka potasiamu inarundikana na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kujipimia vijiko vya soda ya kuokea nyumbani ni hatari, ina sodiamu nyingi mno.

Robert O. Young, mmoja wa waliolitangaza sana hili jambo, mwaka 2016 alitiwa hatiani California kwa kutibu watu bila leseni, na 2018 mahakama San Diego ikaamua amlipe dola milioni 105 mama mmoja aliyeacha matibabu ya kansa ya matiti akamfuata yeye. Mama huyo kansa ilishasambaa. Hizo hela zinamrudishia miaka gani?

Shangazi nimemwambia mboga ale tu, ila dawa asiruke hata dozi moja, na kliniki ijayo nampeleka mwenyewe. Kanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe nilikuwa nakaribia kuziacha wiki hii."