Grinda ya elfu hamsini na tano

Jumamosi iliyopita tulikuwa Chanika, mimi na kijana wangu wa kazi, tunafunga geti kwa mzee mmoja mstaafu. Ilibaki kusafisha maungio tu tupige rangi. Kijana alikuwa na grinda yake mwenyewe, mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma, ya kwanza maishani, aliyoinunua kwa fedha alizodunduliza tangu mfungo wa Ramadhani. Dakika ya ishirini hivi ikaanza kunuka vanishi iliyoungua, ikatoa moshi kwenye matundu, ikakata. Mwenye nyumba alikuwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, anatutazama. Akasema kwa sauti ya kumfikia hadi jirani: "Ndiyo maana kazi zenu hazidumu. Fundi mzima unakuja na vitu vya kuokoteza. Rahisi ghali, hamjifunzi?"

Kijana akainamisha kichwa. Nikatoa grinda yangu kwenye begi, tukamaliza, tukalipwa, tukaondoka. Kutoka Chanika mpaka Mbagala ni safari, na safari nzima hakusema neno. Ile kauli imenikaa kooni wiki nzima.

Nianze na jambo ambalo sipendi kulikubali: kwa hesabu ya karatasi, mzee yule hakukosea. Nina kaunta buku ambalo tangu 2017 ninaandika kila kifaa ninachonunua, bei yake, siku niliyokileta na siku kilipokufa. Kati ya 2017 na 2021 nilinunua grinda ndogo 7, zote za kati ya Sh 45,000 na Sh 60,000. Jumla yake Sh 365,000. Iliyojitahidi kuliko zote ilifika miezi 11. Moja ilikufa siku ya 4, na muuzaji akaniambia nimeitumia vibaya. Mwaka 2021 nikanunua ya Sh 220,000, na hiyo ndiyo niliyoitoa begini Jumamosi. Nimeibadilishia kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, sijui mara ngapi, beringi, swichi na waya. Matengenezo yote Sh 74,000. Kwa hiyo ile ghali mpaka leo imenila Sh 294,000 na bado inapiga kazi, na zile rahisi zimekula zaidi ya hapo na zote ni marehemu.

Haya, nimekubali. Sasa aniambie mtu, mwaka 2017 hiyo 220,000 ningeitoa wapi?

Nilikuwa nimetoka kwa fundi aliyenifundisha nikiwa na mashine ya kuchomelea ya kuazima na kibanda cha mabati cha kupanga. Benki hawanijui. Waliokuwa wananijua ni wale wa mikopo ya kausha damu, wanaokuja mlangoni kila wiki na daftari, na ukikosa rejesho wanabeba mashine, godoro na redio. Jirani yangu kibandani walimbebea mashine ya kuchomelea, akarudi kuwa kibarua wa kutwa akiwa na umri wa miaka 40 na watoto wanne. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kupata grinda ghali. Njia nyingine ilikuwa Sh 48,000 kwenye maduka ya vifaa ya Gerezani, Dar es Salaam, leo hii, twende kazini.

Ile ya kwanza iliishi wiki 6. Ndani ya wiki hizo 6 ilinikatia skweya paipu za madirisha 14 ya grili na mageti 2. Bei yake ilirudi kabla dirisha la tatu halijakauka rangi. Ilipoungua niliumia, ndiyo, maana iliungua katikati ya kazi ya mtu na nilipoteza siku. Lakini ilikuwa imeshanilipa kodi ya kibanda na ada ya mtoto. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Hiyo ghali ambayo mzee aliiangalia kwa heshima Jumamosi ilizaliwa na zile saba. Bila zile saba za kuokoteza, leo nisingekuwa na hiyo moja ya maana.

Kwa hiyo mtu akimwambia fundi kijana "rahisi ghali", anamwambia jambo ambalo yule kijana analijua kuliko yeye. Analijua kwa moshi, kwa harufu, kwa siku za kazi zilizopotea. Msemo ule ni shauri zuri kwa mwenye uwezo wa kuchagua. Kwa asiye na uchaguzi ni tusi, na linauma zaidi likisemwa mbele ya watu na mtu ambaye dakika kumi kabla alikuwa anaomba apunguziwe Sh 30,000 kwenye bei ya geti. Wateja wetu, nawaombeni mlisikie hili. Mnatubana bei mpaka mwisho, halafu mnatushangaa kwa vifaa tunavyomudu kwa hiyo bei.

Hasira yangu nyingine iko kwa wanaoagiza na wanaouza, na hapa sina unyenyekevu.

Jumapili tulikaa na kijana tukaifungua grinda yake mezani. Kibandiko kimeandika wati 1,200. Nikachukua kisu nikakwangua waya wa koili: chini ya vanishi yenye rangi ya shaba ukatokea weupe. Aluminiamu. Waya wa aluminiamu unapitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya ule wa shaba wa unene uleule, kwa hiyo ukitaka ufanye kazi ileile lazima uwe mnene zaidi. Huu ulikuwa mwembamba kama uzi. Maana yake mota inachemka kabla hata hujaegemeza jiwe, kile kisahani kinachozunguka, kwenye chuma, vanishi inayeyuka, koili zinagusana, basi. Kwenye gia kulikuwa na grisi kiasi cha kupaka kidole kimoja. Mpaka feni ya kupoza ilikuwa imelainika na kupinda.

Sasa, kifaa kile si lazima kiwe kibaya. Mpe mwalimu anayetaka kukata nondo mbili nyumbani kwake mwezi huu na kusaga kufuli lenye kutu mwezi ujao, kitamfikisha miaka mitano. Kilichokiua ni kazi ya kutwa, na aliyemuuzia kijana alijua kabisa kwamba anamuuzia mtu wa kazi ya kutwa. Alimwambia, "Hii namba moja, mafundi wote wanachukua hii." Bosch wenyewe wanatenganisha vifaa vyao kwa rangi: kijani kwa matumizi ya nyumbani, buluu kwa fundi wa kazi. Mnunuzi anajua anaingia wapi. Huku kwetu kinachotoka kwenye kontena kinapakwa rangi ile inayofanana na ya kampuni kubwa, kinabandikwa wati ambazo hakina, na kinawekwa rafu moja na vya kazi ngumu. Bei ndogo siilaumu. Ninachokilaumu ni uongo uliobandikwa juu ya bei ndogo. Andikeni wati za kweli. Andikeni "pumzisha dakika kumi baada ya kazi ya dakika kumi". Kijana angepumzisha. Angejipanga, angenunua mbili akawa anazibadilisha, kama wanavyofanya mafundi wengi ninaowafahamu. Hakuambiwa.

Mashine za kuchomelea ni hadithi hiyohiyo: ampea 300 kwenye kibandiko, ukichomelea rodi tatu za geji 10 mashine imezima.

Na tafadhali tuache kusema "vya Kichina" kana kwamba ndiyo maelezo yote. Mama yangu kule Morogoro ana jembe la UFI (Ubungo Farm Implements), lililotoka kwenye kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa hao hao Wachina baada ya Azimio la Arusha. Udongo umelila mpaka limebaki nusu, limekuwa kama mwezi mchanga, lakini halijawahi kukunjika wala kumeguka, na amebadilisha mipini mpaka amesahau idadi. Nikienda nyumbani huwa nalishika tu. Kiwanda kikitaka kutengeneza kitu cha kudumu kinatengeneza. Mwagizaji wetu anapofika Guangzhou au Yiwu akamwambia mwenye kiwanda nataka grinda ya bei hii na si zaidi, mwenye kiwanda naye anatoa shaba, anatia aluminiamu, anapunguza grisi. Uamuzi ule umefanywa na mtu mwenye duka Dar es Salaam, anayeijua Mbagala na anayemjua kijana wangu.

Niseme pia yale niliyojifunza kwenye daftari langu, maana nimepata faida nayo. Vya bei ndogo vinavyovumilia ni vile visivyozunguka, visivyogonga na visivyo na makali. Klampu zangu za bei ya chini kabisa zina miaka 8. Fremu ya msumeno wa chuma nunua yoyote, ila msumeno wenyewe usibane mkono. Beleshi, brashi ya waya, futi, sawa tu. Pima maji ya bei ndogo inaweza kuwa sahihi kuliko ya bei kubwa, ila ijaribu hukohuko dukani: iweke mezani, angalia povu, kisha igeuze kichwa kiwe mkiani palepale. Povu likikaa upande uleule wa meza, kwa kiasi kilekile, chukua. Likihama, rudisha. Nimewahi kufanya hivyo kwa pima maji 6 mfululizo mbele ya muuzaji mpaka akanuna, ya saba nikaondoka nayo na ninayo mpaka leo.

Spana ni jambo jingine. Kuandikwa "Chrome Vanadium", jina la chuma kigumu cha spana, ubavuni hakuthibitishi chochote. Maandishi yanagongwa kwenye chuma chochote. Spana laini inatanua mdomo, inaviringisha kona za nati, na ngozi ya vidole vyako inabaki kwenye injini. Waulizeni vijana wa gereji.

Kuna mahali ambapo hesabu yangu yote ya umaskini na mtaji inakoma, nami siitetei tena. Ni kwenye jiwe la grinda.

Vibanda vitatu kutoka changu alikuwepo kijana mmoja, mpole, hodari wa maua ya mageti kuliko sisi wote. Siku moja alikuwa anakata bomba nene, jiwe dogo halifiki. Akatoa kava, ile kinga inayofunika jiwe, akafunga jiwe la inchi 9 lililokwisha nusu kwenye grinda ya inchi 4 na nusu. Mafundi tunafanya hivi kila siku na tunaona ni ujanja. Jiwe la inchi 9 limetengenezwa lisizidi mizunguko 6,650 kwa dakika, imeandikwa usoni pake. Grinda ndogo inazungusha karibu 11,000. Jiwe lilipasuka. Kipande kilipita chini ya jicho, na jicho lile halioni tena. Nilimshika kichwa ndani ya bajaji kwenda hospitali, damu ikapita kwenye kitambaa ikaingia kwenye mikono ya shati langu, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama mteja ameshaambiwa kwamba kazi itachelewa.

Tangu siku ile nimeacha kununua mawe ya bei ya kutupa. Ninasoma mizunguko. Ninasoma tarehe kwenye ile pete ya chuma ya katikati, maana mawe yana muda wa kuisha, miaka mitatu tangu kutengenezwa, gundi inayoshika punje inachoka hata kama jiwe halijaguswa. Na anayetoa kava kwenye kibanda changu anakwenda nyumbani siku hiyo, hata kama ni mtoto wa dada yangu. Jeki za gari ziko kwenye kundi hilihili: ukiwa na jeki ya mashaka, usiingie chini.

Jumanne tulikwenda Gerezani, mimi na kijana. Alitaka kukopa anunue ya 220,000. Maneno ya yule mzee yalikuwa yamemwingia, alisema hataki kuaibika tena. Nikamkatalia. Nilimfungulia daftari langu, nikamwonyesha zile saba, moja baada ya nyingine, na kazi iliyofanywa na kila moja. Tukanunua nyingine ya Sh 55,000, lakini safari hii tuliomba ichomekwe umeme dukani, tukaisikiliza beringi, tukachungulia cheche za kaboni kwenye matundu. Tukaongeza kaboni jozi mbili, mawe manne ya kueleweka, na miwani.

Usiku tukaifungua, tukajaza grisi kwenye gia, tukakaza skrubu zote. Nimemwambia aiwekee mkono mgongoni kila baada ya muda: mkono ukishindwa kuvumilia joto, azime, afanye kazi ya kuchomelea kwanza. Kisha akatoa kaunta buku jipya kwenye mfuko wa rambo. Hakuwa ameniambia kwamba amelinunua. Akapiga mistari kwa rula ya chuma, akaandika: grinda, 55,000, Jumanne. Safu ya mwisho, ya siku ya kufa, akaiacha wazi.