AC Njombe? Tusicheke kwanza

Juni shemeji yangu alinipigia simu kutoka Njombe kuuliza anunue AC ya BTU ngapi, yaani ya nguvu kiasi gani. Nilipolirudia swali hilo mezani, nyumba nzima iliangua kicheko. AC, Njombe! Mji ambao watu hushinda na makoti hadi saa sita mchana, na maji ya bomba alfajiri yanakata vidole. Kwetu Dar ukitaja AC umetaja baridi, na baridi Njombe inapatikana bure.

Shemeji hakuwa anatania. Alichotaka ni ile AC ya pande mbili, ambayo rimoti yake ina alama ya theluji na alama ya jua: bonyeza theluji ikupe baridi, bonyeza jua ikupe joto. Anaishi na mama mkwe wangu, mzee wa miaka themanini na kitu, na hita ya waya anayomwashia kila usiku inatafuna LUKU kama mchwa. Kuna mtu alimwambia AC ya namna hiyo inatoa joto lilelile kwa theluthi ya umeme. Akataka kujua kama ni kweli au ni maneno ya muuza duka.

Ni kweli. Hita inatengeneza joto: ukiipa uniti moja ya umeme inakupa joto la uniti moja, basi. AC haitengenezi, inahamisha. Ndani ya mabomba yake kuna gesi, siku hizi mara nyingi R32, ambayo huchemka kwenye nyuzi kama 51 chini ya sifuri. Kwa gesi ya aina hiyo, hewa ya nje ya nyuzi 7 ni moto mtupu. Inafyonza joto la hewa hiyo, kompresa inaikandamiza hadi inapata moto, kisha joto linamwagwa chumbani. Friji ya jikoni hufanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana ukipitisha mkono nyuma yake unakuta joto lililotolewa kwenye maziwa yako. Kinachoifanya AC igeuke ni vali moja yenye njia nne: ukibadili theluji kuwa jua, gesi inageuza safari, na kifaa cha nje ndicho kinachokuwa cha baridi. Kwa umeme wa uniti moja unapata joto la uniti tatu, hata nne.

Tena wanaotengeneza mashine hizi hupima uwezo wake wa joto nje kukiwa na nyuzi 7, ambao ndio usiku wa Julai wa Njombe. Kwenye baridi kali za Ulaya mashine inahangaika, inasimama kila mara kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye kifaa cha nje. Kwetu labda uende Kitulo kunakoanguka sakitu. Kwa hiyo ukiuliza fizikia peke yake, mahali pa kufunga AC ya joto ni huko huko tulikokucheka.

Tuje kwenye hela. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu inakula uniti 6. Shemeji yuko T1, kundi la bei la TANESCO la wateja wa kawaida, ambako ukiongeza kodi na tozo uniti inafika kama shilingi 356, yaani usiku mmoja ni shilingi 2,136. AC kwa joto hilohilo itakula uniti 2, shilingi 712. Msimu wa baridi wa siku 90 unaokoa kama laki moja na elfu 28. Inaonekana nyingi mpaka ukumbuke kuna kununua mashine, mabano, bomba za shaba, kifaa cha kulinda umeme na kumlipa fundi. Tuseme vyote vinasimama milioni moja na nusu. Gharama inarudi baada ya karibu miaka 12, na sijui wangapi kati yetu wana AC ya miaka 12 ambayo bado inapumua.

Ila hesabu hiyo ni ya mtu wa saa tatu. Mzee asiyetoka chumbani, au nyumba yenye mtoto mchanga, hita inawaka saa sita hadi nane, na hapo miaka 12 inakuwa 6 au pungufu. Kwa aliyeko D1, kundi la wanaotumia umeme kidogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi, hesabu inageuka tena: saa tatu za hita kila usiku ni uniti 180, anavuka kabla mwezi haujafika katikati, na kila uniti ya ziada anailipia 350. AC ingemla 60. Nazo si mzaha ukijumlisha friji, pasi na televisheni, lakini si 180. Na kwa anayelala na blanketi mbili bila kuwasha chochote, AC haiokoi hata senti. Kwake huo ni mzigo mpya, anaununua kwa ajili ya raha tu. Muuza duka hili la mwisho halisemi.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Niliwahi kulala kwa shemeji. Mlango wa nje una uwazi chini unaopitisha panya mwenye mimba, na chumba cha mama hakina dari, unaona mabati. Joto hupanda. Ukiliwasha pale linakwenda kuota bati, na mzee kitandani miguu inabaki barafu. AC nyingi hufungwa juu ukutani, mahali pazuri kwa baridi kwa sababu baridi hushuka, lakini kwa joto unalazimika kuelekeza mapanga yake chini kabisa, na bado chumba kisiposhika hewa unapasha Njombe nzima. AC ya inverta, ile ambayo kompresa yake hubadili mwendo na ambayo kila mtu anaisifia, hupata sifa zake pale chumba kinapofikia joto ulilotaka nayo ikapunguza mwendo. Chumba cha mabati hakifiki. Kompresa inakimbia usiku kucha. Isitoshe, Njombe iko juu karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi na feni inasukuma kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi, kwa hiyo AC ndogo ya kubania bei itaelemewa.

Upande wa mafundi sitazunguka. Dar ukipiga mluzi wanakuja watatu. Huko mikoani fundi mzuri wa AC ni wa kuagiza, na umeme ukipanda na kushuka ukaunguza kadi ya inverta, unaweza kupewa bei inayokaribia ya mashine nyingine.

Dar nayo ina kisa chake. Mwaka juzi nililala nyumba moja ya wageni Sinza, Februari ile ya jasho, AC ikawa inatoa upepo wa moto. Akaja fundi, akasema gesi imeisha, akajaza, akalipwa. (Gesi ya AC haiishi kama mkaa, ikipungua imevuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia ziara ya pili.) Joto likaendelea. Mhudumu mmoja, binti mdogo tu, akachukua rimoti, akaitazama, akabonyeza mara moja. Ilikuwa kwenye jua. Mgeni aliyetangulia aliigusa bila kujua, na kwa kuwa Dar hakuna anayeitafuta alama hiyo, hakuna aliyeiona. Kwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja sioni sababu ya kuongeza hela ili upate jua kwenye rimoti. Ikija humo humo kwa bei ileile, chukua, lakini pesa ya ziada ipeleke kwenye inverta, maana huku AC inawaka miezi kumi.

Basi Dar ananunua mashine nzima atumie nusu, na Njombe vilevile, nusu ya pili. Wanaoweza kuitumia yote ni watu wa Dodoma. Oktoba na Novemba kule kunachoma, Juni na Julai upepo wa usiku unavalisha watu sweta, nyumba mpya zinapanda kila siku zikiwa na dari na madirisha yanayofunga. Ningekuwa najenga Ihumwa ningeweka ya pande mbili bila kuuliza mtu.

Kuna hoja moja kubwa kuliko zote kwa upande wa AC, nayo si ya shilingi. Kila msimu wa baridi, Tanzania na Kenya, tunasikia familia iliyolala na jiko la mkaa ndani ikakutwa asubuhi haijaamka. Sumu inayotoka kwenye mkaa ule haina harufu. Ikiwa kinachoshindana na AC ni jiko la mkaa, tupa hesabu yangu yote ya miaka 12. Lakini hita ya waya nayo haiui kwa namna hiyo. Wala dohani isiyoziba, kama zile za nyumba za zamani za misheni na za mashamba ya chai ya Mufindi: joto jingi linapotelea juu, ila kuni za miti ya miwati Njombe hazijawa ghali kiasi cha kumtisha mtu.

Nilimwambia shemeji aanze na dari ya chumba cha mama na mpira wa mlango, kisha apime hita inawaka saa ngapi. Amefanya. Sasa inawaka saa moja na nusu, na bado anaitamani AC, kwa sababu ameshaona picha yake.

Juzi nikaomba nimsalimie mama. Shikamoo, marahaba, habari za huko, kisha akanyamaza kidogo.

“Baba,” akasema, “nasikia mnataka kunifungia AC. Nimewakosea nini?”