Marekani haikuzaliwa mwaka 1776

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba uhuru wa Marekani ulianzia kwenye chai iliyomwagwa baharini kule Boston mwezi Desemba 1773. Hadithi hiyo ni tamu, ila inaanzia katikati. Kwa maoni yangu, walowezi wa makoloni yale 13 ya Uingereza walikuwa wamezoea kujitawala kwa zaidi ya karne moja na nusu kabla ya kujitangazia uhuru, na vita vilizuka pale London ilipotaka kuwapokonya kile ambacho tayari kilikuwa mikononi mwao.

Tuanzie Jamestown, Virginia, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1607 na kampuni ya biashara. Tarehe 30 Julai 1619 wawakilishi 22 walikusanyika kanisani, pamoja na gavana na washauri wake, ili kutunga sheria. Joto lilikuwa kali mno, mjumbe mmoja akafariki kikao kikiendelea, na baada ya siku 6 wakalazimika kuahirisha. Miongoni mwa waliyoamua ni bei ya tumbaku: shilingi 3 kwa ratili ya daraja la kwanza na peni 18 kwa ya daraja la pili. Bunge lile, kwa hiyo, lilianza na mambo ya mfukoni, na nguvu ya mabunge yaliyofuata ilibaki humohumo mfukoni.

Magavana wengi waliteuliwa na mfalme, nao walikuwa na mamlaka ya kukataa miswada na kulivunja bunge, lakini katika makoloni kadhaa mshahara wao ulipitishwa na wajumbe wa palepale. Massachusetts iliagizwa na London mara kwa mara iwawekee magavana mshahara wa kudumu; wajumbe wakakaidi, wakaendelea kuwapimia mwaka kwa mwaka. Mtu anayesubiri posho yake ipigiwe kura hafoki ovyo.

Vita vya Miaka Saba, vilivyopiganwa hasa kati ya Uingereza na Ufaransa, vilipokwisha mwaka 1763, Uingereza ilikuwa imeelemewa na madeni, ndipo mwaka 1765 ikaleta kodi ya stempu kwenye nyaraka za mahakama, magazeti na hata karata za kuchezea. Walowezi waligoma kwa hoja kwamba bunge la London halikuwa na mjumbe wao hata mmoja, na mwaka uliofuata kodi hiyo ikafutwa.

Lakini kosa kubwa zaidi, nionavyo mimi, lilifanyika mwaka 1774, pale Massachusetts ilipokatazwa kuitisha mikutano ya miji, isipokuwa ule wa uchaguzi wa kila mwaka, bila kibali cha gavana. Katika mikutano hiyo wakulima na mafundi walipanga kodi zao na kuchagua viongozi wao, akiwemo msimamizi wa nguruwe wanaozurura. Mtu aliyezoea kuamua hata habari za nguruwe wa jirani yake utamwambiaje leo aombe ruhusa ya kukutana? Mwezi Aprili 1775 risasi zikalia Lexington na Concord, miji ya Massachusetts, na vita vya uhuru vikaanza.

Hata hivyo, siwezi kuisifu historia hii bila kurudi Virginia. Wiki chache tu baada ya kikao cha 1619, meli ilishusha Point Comfort, kwenye pwani ya Virginia, Waafrika wapatao 20 waliotekwa Angola. Mwaka 1662 bunge lilelile la wawakilishi lilipitisha sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, maana yake mtoto wa mtumwa azaliwe mtumwa. Bunge lilikuwa la kuchaguliwa, na utumwa wa kurithi ulitungiwa sheria humohumo. Katiba ya Marekani iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 nayo ikaamua kwamba watumwa 5 wahesabiwe kama watu 3 katika kugawa viti vya bunge, viti ambavyo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuvipigia kura.