Mbwa Wangu Analipiwa Kodi

Wiki iliyopita nilikuta kwenye sanduku la barua bahasha kutoka ofisi ya kodi ya hapa Berlin. Mhamiaji haifungui bahasha ya namna hiyo akiwa amesimama. Hupanda ngazi kwanza, akavua viatu, akaketi, ndipo akaichana. Kumbe haikunihusu mimi. Ilimhusu mbwa wangu, ambaye kwa sheria za mji huu anatakiwa kulipiwa euro 120 kila mwaka, na laiti ningekuwa na wa pili, huyo angelipiwa 180. Pamoja na barua kilikuwemo kibati kidogo chenye namba, cha kuning'inizwa shingoni, ili yeyote atakayekutana naye ajue kwamba huyu si mzururaji bali ni mbwa wa mlipakodi. Euro 120 ni zaidi ya shilingi laki tatu. Hesabu hiyo niliipiga papo hapo, kwa kuwa huu ni ugonjwa ambao sijapona tangu nifike: siielewi bei yoyote mpaka niigeuze shilingi.

Kwetu Lushoto baba alifuga mbwa aliyeitwa Simba, kama walivyoitwa waliomtangulia na waliomfuata. Simba hakununuliwa. Baba alipita kwa jirani ambaye mbwa wake jike alikuwa amezaa chini ya ghala, akawaangalia watoto kwa muda, akamchukua yule aliyemfuata miguuni, akamleta nyumbani ndani ya kapu la majani ya chai. Gharama yake tangu siku hiyo ilikuwa ukoko wa ugali na mchuzi wa dagaa uliobaki, na kazi yake ilikuwa kuwazuia nyani mchana na nguruwe pori usiku wasilimalize shamba la mahindi. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kama saba. Asubuhi moja hakurudi kutoka shambani, na sikumbuki kama kuna mtu aliyekwenda kumtafuta. Ninachokumbuka ni kwamba kabla wiki haijaisha baba alikuwa amepita tena kwa jirani.

Hapa nilipoamua kufuga, nilidhani jambo gumu litakuwa pesa. Mbwa wa mbegu maalumu, kutoka kwa wafugaji wenye vyeti, sikuthubutu kuwaulizia mara mbili, kwani bei ya mtoto mmoja ingeweza kununua ng'ombe kadhaa kwetu. Nikaenda kwenye kituo kinachohifadhi mbwa walioachwa, nikamwona chotara mmoja wa rangi ya mchanga aliyeletwa kutoka Romania, mwenye pasi ya buluu ya Umoja wa Ulaya ambayo mimi sina. Nilidhani nitalipa, nitie kamba, niondoke naye. Badala yake nilikalishwa kwenye kiti na kuhojiwa kwa muda wa saa nzima. Je, mwenye nyumba ameruhusu kwa maandishi? Nyumba iko ghorofa ya ngapi, na mbwa akizeeka nani atambeba kwenye ngazi? Nikiugua atakaa na nani? Na swali ambalo mama yule alilirudia mara mbili, akiandika jibu langu taratibu: kwa siku mbwa atakaa peke yake saa ngapi?

Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu zangu hubadilika kila wiki. Nilijibu kwa uangalifu mkubwa kuliko niliojibia ubalozini nilipoomba viza, kwa sababu ubalozini waliniuliza fedha, vyeti na tarehe, mambo ambayo yana karatasi. Habari ya saa za upweke haina karatasi. Na nikiri kwamba nilipotoka pale nilisimama kituo cha basi nikijiuliza ni lini mtu yeyote katika nchi hii aliwahi kuniuliza swali hilo juu yangu mwenyewe.

Mbwa walinipa, baada ya kuja kuikagua nyumba. Nikamwandikisha kwenye daftari la mbwa la mji, nikahakikisha chipu yake iliyo chini ya ngozi inasomeka, nikamkatia bima ambayo Berlin ni ya lazima, ili akimwangusha mpanda baiskeli nisije nikauza figo. Hayo yote niliyavumilia. Kilichonivunja mgongo ni gunzi.

Mwezi Agosti nilipata mahindi mabichi kwenye duka la Waturuki, nikayachoma kwenye jiko la umeme huku nimefungua madirisha yote, nikala mawili na kutupa magunzi kwenye pipa. Usiku mbwa akaanza kutapika. Kwetu Simba alitafuna magunzi maisha yake yote, au pengine nasi hatukuwahi kuangalia yaliishia wapi. Hapa nilifahamishwa na daktari, kwa sauti ya upole iliyonichoma kuliko kufokewa, kwamba gunzi huziba utumbo wa mbwa na linaweza kumuua. Ilikuwa saa nane za usiku, na ukimpeleka mbwa kwa daktari saa hizo kuna ada ya dharura ya euro 50 kabla hajaguswa. Ikaja eksirei, ukaja upasuaji, ikaja ankara ambayo naomba nisiitaje, kwa sababu wapo ndugu zangu watakaosoma haya na tayari wana hasira.

Hasira yao ina sababu, nami sikatai. Wiki ile ile nilikuwa nimewaambia kwenye kundi la familia kwamba mchango wangu wa harusi utachelewa. Halafu, kwa furaha ya kumwona amepona, nikaweka kwenye stetasi picha ya mbwa akiwa amevishwa kola ya plastiki yenye umbo la faneli. Shangazi hakuandika matusi, aliandika tu, “Hongera mwanangu, naona mgonjwa wako anaendelea vizuri.” Wenye shangazi wa Kisambaa wanaelewa kwamba matusi yangekuwa nafuu.

Tangu hapo nimeambiwa kwamba nimekuwa Mzungu, kwamba nimesahau nilikotoka, na binamu mmoja amenikumbusha kwamba mbwa wa kwetu wanaishi bila daktari na bado wana afya. Kuhusu harusi, mchango ulifika, umechelewa siku kumi na tisa, na aliyeoa ameoa. Kuhusu Uzungu, sina cha kujibu. Anayebeba kinyesi cha mbwa kwenye kifuko cha plastiki mbele za watu hana tena heshima ya kutetea. Lakini hilo la afya siwezi kuliacha lipite, kwa sababu binamu yangu huyo huyo alikuwepo nilipokuwa darasa la tano, mtoto wa jirani alipoumwa na mbwa aliyeingia kijijini akitokwa mate.

Mnajua kilichofuata, sina haja ya kueleza sana. Zahanati haikuwa na sindano. Hospitali waliyoelekezwa ilikuwa nayo ya kwanza tu, na hizo nyingine zilipaswa kununuliwa mbali zaidi, kila moja kwa siku yake. Baba yake aliuza mbuzi wawili kisha akakopa nauli. Mtoto yule alipona kwa sababu sindano ziliwahi. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna hospitali ya kumrudisha. Kumchanja mbwa yule mapema kungegharimu sehemu ndogo mno ya bei ya mbuzi mmoja, lakini hakuwa na mwenyewe, kama vile Simba asivyokuwa na mwenyewe siku aliyopotea. Hapa Ujerumani ugonjwa huo ulikwisha kwa wanyama wa nchi kavu mwaka 2008, na waliuondoa kwa kudondosha kutoka kwenye ndege vyambo vyenye chanjo ili mbweha wa porini wale. Mbweha walipelekewa chanjo kwa ndege. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza sikujua kama nicheke. Na asiniambie mtu kwamba hilo ni jambo la Wazungu peke yao, kwani Pemba nao walichanja mbwa wao mpaka wakakitokomeza kichaa hicho kisiwani.

Basi wasomaji wa huku wasidhani nimehamia upande wao. Katika nyumba ninayofanyia kazi kuna bibi mmoja ambaye toka Jumapili hadi Jumapili haongei na mtu ila sisi tunaomwogesha. Ana watoto watatu, wawili wako mji huu huu. Sheria ya nchi hii inakataza kumfunga mbwa kwa mnyororo, na inataka atolewe nje vya kutosha na apate watu wa kuwa naye. Bibi yule nilimtoa nje mara ya mwisho mwezi Mei, kwa kuiba dakika ishirini za zamu yangu. Shangazi yangu, pamoja na ulimi wake wote, ana wajukuu wanne wanaolala naye kitanda kimoja.

Kodi nimeilipa jana. Jioni nikampigia baba, nikiwa na hakika kwamba shangazi amekwisha kumfikia, na kweli alikuwa amemfikia. Baba hakulaumu. Aliniuliza kwa heshima, kama mfugaji anavyomuuliza mfugaji mwenzake, “Sasa mwanangu, huyo mbwa analinda nini?” Nikamwambia halindi chochote, ninaishi ghorofa ya tatu na mlango wa chini una namba za siri. Akanyamaza kidogo. “Ugali anakula?” Nikamwambia anakula sana, ila magunzi nimemkataza.